Mchumaji na Viungo Vyake: Mazoezi ya Yoga Tuliyoyaona Mbagala



Kila mwaka karafuu zikaribiapo kukomaa, sote huanza kuvitazama vyombo vyetu. Kamba huvutwa ijulikane kama haijaoza, ngazi hujaribiwa kwa mguu kabla haijapandwa, majamvi yaliyotoboka hushonwa, na mapakacha mapya husukwa. Lakini kiko chombo kimoja ambacho wengi wetu hatukitazami kabisa, nacho ndicho kipandacho mti, yaani mwili wenyewe. Goti linalouma, bega lisilofika juu, kiuno kisichokunjuka, vyote hivyo twapanda navyo mkarafuuni vivyo hivyo, huku tukisema, "Vitapoa vyenyewe." Habari hii yahusu chombo hicho, na jambo tuliloliona mahali ambapo hatukutazamia kuliona, nako ni Mbagala, Dar es Salaam.

MZEE WA MBAGALA

Tulivuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya arusi. Watu wetu wa Unguja na Pemba waliohamia huko ni wengi, nasi tukafikia kwa mzee mmoja wa ukoo wetu ambaye sasa akaa kwa binti yake, si mbali na Rangi Tatu. Kwa wasiopajua, Mbagala iko upande wa kusini wa mji, katika Wilaya ya Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa. Watu ni wengi, nyumba zimesongamana, na alfajiri mapema utasikia tayari makondakta wakiita abiria wa kwenda mjini. Si mahali ambapo mtu angetazamia kuona wazee wakifanya mazoezi.

Mzee huyu alipanda mikarafuu ya Pemba tangu ujana wake hata akapindukia miaka hamsini. Tulipomwona mara ya mwisho kabla ya safari hiyo, alikuwa akitembea kwa bakora, na sala zake zote akisali juu ya kiti, kwa kuwa magoti yalikuwa hayakubali kukunjika. Basi asubuhi ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri, tukasikia mkeka ukitandikwa uani. Tulipochungulia tukamwona mzee wetu kapiga magoti, viganja vi chini, kama mtoto mchanga atambaaye, akiinua mgongo na kuushusha polepole. Mjukuu wake wa kike alikuwa amesimama kando akimhesabia pumzi.

Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu bila ya kugeuka. "Ngojeni nimalize. Nikikatisha hesabu, huyu mwalimu wangu atanirudisha mwanzo."

Alipokwisha kumaliza alituketisha barazani akatueleza. Binti yake alimpeleka hospitali, akapigwa picha ya magoti, akaambiwa ya kuwa gegedu, yaani ile nyama laini na ngumu inayofunika ncha za mifupa, imelika. Akapewa dawa ya kutuliza maumivu, kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa kunyoosha viungo, naye akamfundisha mazoezi manne. Mzee akayafanya juma moja, akayaacha.

"Niliona ni mchezo," alisema. "Mimi nimepanda miti miaka thelathini na zaidi, leo niambiwe nilale chali niinue kiuno! Nilidhani kazi ni mazoezi tosha."

Mjukuu wake alikuwa amejifunza yoga chuoni. Akaona ya kuwa yale mazoezi ya hospitali na baadhi ya mazoezi ya yoga ni mamoja, akamwomba babu yake wafanye pamoja kila alfajiri. Miezi mitatu ya mwanzo mzee hakuona faida kubwa. Aliendelea, asema, kwa kumwonea haya mtoto. Mwezi wa nne, siku moja, aliweka kiti kando, akashuka taratibu, akaweka paji la uso chini.

"Nilisujudu muda mrefu kuliko kawaida yangu," alituambia akicheka, "wala si kwa ucha Mungu peke yake. Nilikuwa naogopa kuinuka."

Hatutaki kuwadanganya wanachama. Mzee huyu hajawa kijana. Akiinuka bado hushika ukuta, siku za mvua magoti bado humsumbua, na mkarafuu haupandi tena wala hana nia ya kuupanda. Lakini bakora imebaki nyuma ya mlango, na kiti cha kusalia amekirudisha msikitini. Kwa mtu aliyekwisha kata tamaa, hilo si jambo dogo.

KWA NINI KAZI PEKE YAKE HAITOSHI

Neno lake kuwa "kazi ni mazoezi tosha" ni neno la wengi wetu, nasi pia tulikuwa tukilisema. Basi na tulichungue.

Mkarafuu uliokomaa hufika urefu wa mita 10 na zaidi. Mchumaji husimama juu ya tawi, mkono mmoja umeshika, mwingine umenyooshwa juu kuvuta vishada, saa baada ya saa. Jioni hukaa jamvini akainama kuchambua, kutenga karafuu na makonyo. Miezi isiyo ya mavuno huinama akapalilia. Hiyo ni kazi nzito, na yatia nguvu kweli. Lakini hutumia misuli ile ile kwa namna ile ile. Misuli mingine hulala. Bega huzoea upande mmoja, kiuno huzoea kupinda mbele na kusahau kurudi nyuma, na kano za nyuma ya mapaja hukaza kama kamba iliyolowa ikakauka.

Tena gegedu ya kiungo haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hukipata katika ute ulio ndani ya kiungo, nao ute huo husambaa kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa. Kwa hiyo goti lisilokunjwa sawasawa ni kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Na goti hubeba mzigo mkubwa: mtu anapopanda ngazi, uzito unaolielemea hufika kiasi cha mara tatu ya uzito wa mwili wake. Mtu wa kilo 70, goti lake moja laweza kubeba kilo 200 katika hatua moja. Kinachopunguza mzigo huo ni misuli ya paja. Ikiwa legevu, kiungo ndicho kinachoumia.

Maradhi haya ya kulika viungo si ya wachumaji peke yao. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nayo, na goti ndilo kiungo kilichoathirika kuliko vyote. Yanawapata zaidi watu wazima waliopita miaka 55, na wanawake kuliko wanaume. Mama zetu na dada zetu wanaokaa chini kuchambua na kuanika wasidhani basi kuwa maneno haya ni ya wapanda miti tu.

YOGA NI NINI?

Yoga ilitoka Bara Hindi, nayo ni ya kale sana. Nchi hiyo si ngeni kwetu: karafuu zetu zimekuwa zikiuzwa huko tangu zamani, na wazee wanakumbuka habari ya ule mgomo wa mwaka 1937, Wahindi walipokataa kununua karafuu za Zanzibar kwa sababu ya sheria mpya za biashara, hata mapatano yakafanywa mwaka 1938.

Katika asili yake yoga ilikuwa sehemu ya ibada na kutafakari. Lakini katika karne ya ishirini walimu kama T. Krishnamacharya wa Mysore waliitia mkazo mkubwa zaidi upande wa viungo. Mwanafunzi wake mmoja, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipopata nguvu kwa mazoezi hayo, alitengeneza njia ya kuwafundisha hata wagonjwa na wazee, kwa kutumia viti, kamba, mito na vipande vya mbao, ili asiyeweza kufika chini aletewe chini ipande juu. Njia hiyo ndiyo iliyotuvutia sisi, maana haimtaki mtu ajikunje kama pweza.

Mwezi wa Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Jirani zetu wa Kenya wana jumuiya iitwayo Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, ambayo imewafundisha vijana wengi wa mitaa ya watu wa kawaida nao wakawa walimu. Kwa hiyo mtu asidhani ni mambo ya watalii wa ufukweni peke yao.

JE, DINI YARUHUSU?

Swali hili tuliulizwa mara tu tuliporudi, na ni swali la haki. Wanavyuoni hawakusema neno moja. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, kwa kuwa ndani yake mna maneno na nia za ibada ya Kihindu. Mwaka 2009 Baraza la Ulamaa la Indonesia, nchi ilikotoka mikarafuu, lilikataza yoga yenye maneno hayo na ibada hiyo, lakini halikukataza mazoezi ya viungo matupu. Mwezi wa Novemba 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa ni mchezo wa mazoezi, baada ya juhudi za miaka mingi za mama mmoja wa huko, Nouf Marwaai.

Mzee wetu wa Mbagala alimwuliza imamu wake kabla hajaanza. Nasi twashauri hivyo hivyo: mwenye shaka na amwulize shehe wake. Katika mazoezi tutakayoyaeleza hapa hamna neno lolote la kutamkwa wala sanamu ya kutazamwa. Ni kukunja, kukunjua na kuvuta pumzi. Na asiyelipenda jina la yoga na ayaite mazoezi ya viungo, jina ambalo twalijua vyema, maana kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi ya viungo vya Zanzibar hukusanyika na kutembea pamoja.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Yoga imepimwa kama dawa inavyopimwa. Mwaka 2017 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 12 ya watu 1,080 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliona ya kuwa waliofanya yoga waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, ingawa faida ilikuwa ya kadiri, wala si muujiza. Waliona pia ya kuwa baadhi yao mgongo uliwazidi kuuma. Mwaka huo huo, huko Boston, Marekani, watu 320 walijaribiwa, na yoga ikaonekana kuwa haipitwi na tiba ya viungo ya hospitali kwa maumivu hayo.

Kuhusu kuanguka, majaribio 108 ya wazee zaidi ya 23,000 yaliyokusanywa mwaka 2019 yalionyesha ya kuwa mazoezi, hasa ya kujizuia mwili usiyumbe, yalipunguza kuanguka kwa kiasi cha 23 katika kila 100. Lakini hao ni wazee watembeao chini, si wachumaji walio juu ya miti. Twasema hayo ili mtu asiitupe kamba yake kwa kutegemea yoga. Shirika letu la ZSTC limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka mikarafuuni, nalo ni jambo la kushukuriwa; lakini fidia haiungi mfupa.

MAZOEZI SITA

Yafuatayo ndiyo aliyoyafanya mzee wetu uani. Yote yataka dakika 15, mkeka na ukuta. Fanya kila siku, au siku tano katika juma. Katika kila zoezi vuta pumzi kwa pua, polepole, wala usiizuie.

1. Paka. Piga magoti, viganja chini ya mabega. Ukitoa pumzi inua mgongo kama paka aliyeshtuka. Ukivuta pumzi shusha tumbo, inua kifua. Mara kumi. Magoti yakiuma, kunja kanga au blanketi uyawekee chini yake. Zoezi hili ni la uti wa mgongo.

2. Ukuta. Simama ukitazama ukuta, weka viganja juu yake usawa wa kiuno, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua huku ukiinama, mpaka mgongo uwe sawa kama meza. Magoti yalegee kidogo. Kaa kwa pumzi tano. Mabega na nyuma ya mapaja huvutika hapo, na wachumaji watalipenda zoezi hili kuliko yote.

3. Kiti. Simama, mgongo umeegemea ukuta, miguu mbele kidogo. Teleza chini kama mtu atakaye kukaa, kadiri uwezavyo bila ya maumivu, ukae pumzi tatu, kisha upande. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiingie ndani. Mara tano. Hili ndilo liimarishalo mapaja, na mapaja ndiyo yalindayo magoti.

4. Daraja. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Inua kiuno, ukae pumzi tatu, shusha polepole. Mara tano. Hili hukirudishia kiuno kile kilichopotezwa na kuinama.

5. Mti. Simama karibu na ukuta, kidole kimoja kikiugusa. Inua mguu mmoja, uweke unyayo wake juu ya kifundo au shavu la mguu mwingine, lakini usiuweke kamwe juu ya goti. Kaa pumzi tano, kisha badili mguu. Siku utakayoweza kuuacha ukuta utaijua mwenyewe.

6. Mtoto. Piga magoti, keti juu ya visigino, inama mbele mpaka paji la uso likaribie chini, mikono imenyooshwa. Asiyefika aweke mto kati ya mapaja na visigino. Asiyeweza kabisa alale chali, avute goti moja kifuani, kisha la pili. Pumzi kumi.

Mwisho lala chali dakika mbili, utulie.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kuna kuvutika, na kuna kuchoma. Kuvutika ni sawa. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo ni amri ya kuacha. Usishindane na jirani yako. Vijana wasithubutu kusimama kwa kichwa kwa sababu wameona katika picha za simu. Hilo si la kujifunza bila ya mwalimu.

Kiungo kilichovimba na kupata moto, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, ganzi miguuni, au kushindwa kuzuia haja, hayo si ya mkeka, ni ya hospitali, tena upesi. Mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, na mwenye mifupa iliyowahi kuvunjika, wote wamwone mganga wa hospitali kwanza. Na mwenye kutumia dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu.

NENO LA MWISHO

Twalo shauri moja kwa wanachama. Msimu ujao, huko dagoni, kabla ya watu kuelekea mitini, zitengwe dakika kumi za alfajiri: Ukuta, Kiti na Mti, mazoezi matatu tu, wazee na vijana pamoja. Shina la mkarafuu lafaa badala ya ukuta. Haligharimu hata senti, wala halipunguzi pishi moja ya kazi ya siku.

Na vijana wasiseme hayo ni ya wazee. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mzee wetu alianza akiwa amekwisha kauka, na ikamchukua miezi minne kufika chini. Tulipomuaga alitupa ujumbe huu kwa wenzake waliobaki Pemba: "Waambieni mimi nilingoja hata goti likakataa ndipo nikalisikiliza. Wao wasingoje."

Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Mchumia juani hulia kivulini. Basi kila mmoja wetu na ajitahidi, ili siku ya kukaa kivulini ikifika, aweze kukaa chini jamvini pamoja na wajukuu zake, na kuinuka tena.

Twawatakieni nyote mavuno mema na viungo vyema.